Nilitaka Kukata, Nikakatwa

Sambusa ina adabu yake. Unaishika pembeni, unaikata ncha kwa meno ya mbele, unaiacha ipumue, kisha unaendelea. Mimi mpaka nafika miaka 26 sikuwahi kuila hivyo. Nilikuwa naiingiza kwa ubavu, naivunja kwa magego, na nusu ya nyama inaniangukia kwenye buibui. Mihogo ya kukaanga ya pale Mama Ngina, Mombasa, ile inayopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu, niliimega kwa vidole kwanza. Mahindi ya kuchoma niliyapukuchua. Tambi zilikuwa fedheha kuliko vyote: nauma, nafungua mdomo, na tambi iko vile vile, imepita salama baina ya meno ya juu na ya chini bila kuguswa.

Maana kulikuwa na uwazi, ule uliokuja kunipeleka kwenye upasuaji wa taya la juu, ambao wengi mnaniandikia kuuliza habari zake. Magego yangu yakikutana, meno ya mbele yalibaki mbalimbali kiasi cha kupitisha kalamu. Nikinyamaza hungejua, ungeona binti wa Majengo kama wengine, uso mrefu kidogo, mdomo haufungiki mpaka aulazimishe. Nikisema "sasa" ikatoka "thatha", hapo ndipo watu walipogeuka.

Kithembe kilinipa cheo mahali pamoja tu, madrasa. Tha na dhal, herufi za Kiarabu, zataka ncha ya ulimi ichungulie baina ya meno, na wenzangu walihangaika nazo wiki nzima. Ulimi wangu ulikuwa ukikaa hapo hapo usiku na mchana. Maalim akawaambia wenzangu wanisikilize. Raha hiyo ilidumu mpaka tulipofika sin.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sababu yake. Nyanya alisema ni kidole, kwamba nilikinyonya mpaka nikaanza shule. Halati, dada ya mamangu, alisema ni ile chuchu ya mpira. Babangu alisema ni ukoo, akamtaja shangazi yake wa Lamu. Daktari aliponieleza baadaye, nikaona wote walikuwa wameshika kipande cha ukweli. Urithi upo. Kunyonya kidole miaka mingi kupo, na ulimi unaosukuma meno mbele, na pua iliyoziba utotoni mpaka mtoto akazoea kupumua kwa mdomo. Kwangu mimi shida kubwa ilikuwa mfupa wenyewe. Taya la juu, upande wa nyuma, lilikuwa limekua kwenda chini kupita kiasi, magego yakashuka nalo, yakawa ya kwanza kugusana na ya chini, na taya la chini likashindwa kufunga.

Babangu ni seremala, ana karakana yake Bondeni, na yeye ndiye aliyenielewesha kuliko daktari. Tulipotoka kliniki aliufungua mlango wa karakana, akaweka kigingi chembamba karibu na bawaba, akaniambia nifunge. Kwenye bawaba kigingi hukioni. Huku kwenye komeo mlango uko wazi, mkono wapita.

Mlango ule ndio ulionijulisha kwa nini waya za meno zilinishinda mara ya kwanza. Nilivalishwa nikiwa na miaka 14, katika kliniki ambayo sitaitaja, nikakaa nazo miaka miwili, mamangu akilipa kwa pesa za mchezo, ule wa kuchangishana kwa zamu. Meno yakakutana, tukapiga picha. Haukupita mwaka na nusu baada ya kuvuliwa, uwazi ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Hakuna aliyetuambia kwamba uso wa mtoto ungali unakua, na kwamba ukiyavuta meno bila kuugusa mfupa uliokwenda kombo, siku moja meno yataufuata mfupa. Sisemi kila uwazi wataka kisu. Wapo wanaotosheka na waya, na wapo wanaosaidiwa na viskrubu vidogo vinavyotiwa kwenye mfupa ili kuyavuta magego juu. Lakini mfupa ukiwa ndio wenye kosa, na kosa ni kubwa, basi huo mfupa ndio wa kutengenezwa, tena baada ya kukoma kukua. Wasichana hukoma mapema. Mvulana huenda akaambiwa asubiri mpaka 18, hata 20.

Nilikwenda kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya nikiwa na miaka 24, nimeshaajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni simu. Hebu fikiria mtu wa kithembe anayesoma nambari za makontena kutwa: thita, thaba, titha, thifuri.

Nilidhani atakimbilia kuniangalia kinywa. Aliniuliza kwanza, "Mwanangu, wataka nini?" Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi juu ya uso wangu na picha zangu na mambo ya posa. Nikajikuta nasema, "Nataka kukata sambusa, daktari." Akacheka, akaandika. Nililiona neno lenyewe kwenye faili: kukata. Baadaye, watu walipoanza kunisifu na wengine kunisengenya kwa sababu ya uso, nililishika neno lile. Uso hubadilika, huwezi kuliepuka hilo. Lakini mtu akiniandikia kwamba anakula vizuri, anasema vizuri, anapumua vizuri, na ataka upasuaji huu kwa ajili ya picha, mimi humwambia akae nyumbani.

Nikavishwa waya tena, miezi 15. Safari hii hazikuwa za kuficha kosa. Meno huwa yamejipinda yenyewe miaka yote yakijaribu kuliziba pengo la mfupa, kwa hiyo waya huyarudisha yakae sawasawa kwenye taya lake, kila taya peke yake, kana kwamba lile lingine halipo. Matokeo yake, uwazi huongezeka. Kila mwezi nilikwenda kliniki na kurudi na meno mabaya zaidi. Halati aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika yule ni daktari. Msiache njiani mkifika hapo. Nawajua wawili walioacha.

Karibu na siku yenyewe vikaja vipimo: eksirei ya uso kwa ubavu, picha za CT, nakala ya meno. Walilikata taya langu kwenye kompyuta kabla ya kulikata kweli, wakatengeneza kibao chembamba cha plastiki chenye nyayo za meno yangu ya juu na ya chini jinsi yatakavyokutana. Kibao hicho ndicho kinachotumika katika chumba cha upasuaji kulielekeza taya mahali pake papya.

Mtaa nao ukapata habari. Kwenye shughuli moja mama mmoja alimuuliza mamangu mbele za watu, "Na ukimbadilisha maumbile aliyompa Mungu, siku ya kiama utasemaje?" Mamangu haogopi watu, lakini anaogopa dhambi. Tukaenda kwa ustadh wetu baada ya Alasiri. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Wala vizuri?" Nikasema sili vizuri. Akatusimulia kisa cha Arfaja, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alijiwekea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru aweke ya dhahabu, nasi twajua dhahabu mwanamume amekatazwa kuvaa. Kisa chenyewe kiko katika vitabu vya hadithi vya Abu Dawud na Tirmidhi. Kuondoa kasoro inayomdhuru mtu, akasema ustadh, hakulingani na kuchezea umbile. Mamangu alitoka pale ametulia. Halati hakutulia, lakini Halati shida yake haikuwa fikihi, alikuwa akiogopa nife.

Sasa niwaeleze wanachofanya, maana watu hudhani uso hupasuliwa. Usoni hakuna kovu. Unalazwa kwa nusukaputi, na bomba la kupumulia hupitishwa puani ili mdomo ubaki huru. Daktari anauinua mdomo wa juu, anachana nyama ya ndani juu ya ufizi kutoka kwenye magego ya upande huu mpaka ya upande wa pili, mfupa ukaonekana. Msumeno mdogo unapita kwa mlalo juu ya mizizi ya meno, ukikata kuta za vile vyumba vya hewa vilivyo pembeni ya pua. Kule nyuma kabisa taya limeshikamana na mfupa mwingine, na hapo hutumia patasi iliyopinda. Patasi. Babangu, aliyekuwa amekaa kando yangu siku tunaelezwa, alisogeza kiti mbele. Kufikia hapo alikuwa amesikia msumeno, patasi na skrubu, na akaanza kuuliza maswali ya fundi kwa fundi.

Kipande chote, yaani meno ya juu pamoja na kaakaa na sakafu ya pua, hushushwa kikiwa kimoja. Kwangu waliondoa ukanda wa mfupa wa milimita chache upande wa nyuma, wakalipandisha taya. Yaani wamekitoa kigingi. Taya la chini halikuguswa. Lilijifunga lenyewe kama mlango. Wengine hukatwa mataya yote mawili siku moja, na wengine la juu husogezwa mbele kwa sababu la chini limelipita. Likishakaa pahali pake, kile kibao hutiwa katikati, meno yakafungwa pamoja kwa muda, kisha mfupa ukashikizwa kwa vibati vya titaniamu na skrubu. Vyangu ni vinne, vina umbo la herufi L. Ufizi hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka. Vibati hubaki humo humo maisha yote, ila vikileta shida.

Babangu aliuliza, "Ubao ukiukata pande zote huwa umekufa. Huu mfupa utakula wapi?"

Nilidhani daktari atakasirika. Alifurahi. Alisema swali hilo liliwasumbua madaktari wenyewe. Njia wanayoifuata wakikata ina jina la Mfaransa, René Le Fort, aliyechukua vichwa vya maiti akavipiga, akatazama nyufa zilipopita, na mwaka 1901 akaandika kwamba mfupa wa uso haupasuki ovyo, una njia zake tatu. Ile ya chini kabisa ndiyo hii. Babangu akatikisa kichwa: mti nao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Lakini kujua njia na kuthubutu kulishusha taya lote ni mambo mawili, na mpaka miaka ya 1960, daktari Hugo Obwegeser alipokuwa akifanya kazi hii kule Zürich, Uswisi, wengi walikuwa wakiogopa. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, William Bell, akaonyesha kwa majaribio ya nyani kwamba nyama ya kaakaa na ya mashavuni ikiachwa imeshikana na mfupa, damu huendelea kupita, na mfupa huunga. Kwa hiyo mfupa hukatwa, nyama ya nyuma haiguswi.

"Na wewe umeshafanya wangapi?" Babangu akauliza. Hilo nalo likajibiwa bila kinyongo. Mimi singeweza kuliuliza, ningeona ni utovu wa adabu, na sasa namwambia kila mgonjwa aliulize. Daktari anayekasirikia swali hilo, ondokeni.

Karatasi ya kukubali nilipewa siku tatu kabla, nikaenda nayo nyumbani. Ina maneno mazito. Kuna mishipa mikubwa ya damu nyuma ya taya na inaweza kuvuja sana. Kuna ganzi ya mdomo na mashavu, ambayo karibu kila mtu huipata, wengi ikapungua, wengine ikabaki. Usaha. Mzizi wa jino kuguswa. Meno kutokutana sawasawa na kuhitaji kurudiwa. Taya kurudi lilikotoka kidogo kidogo kwa miaka, na watu wa uwazi kama mimi twaonywa zaidi hapo, maana ulimi ukiendelea kusukuma, utasukuma. Mwisho kabisa yako yale ya nadra sana, kipande cha mfupa kukosa damu, macho kudhurika. Babangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema niende nikaswali.

Lililonishtua mimi halikuwa kubwa. Ni pua. Taya la juu ndilo sakafu ya pua, likipandishwa au kusogezwa mbele, pua hutanuka chini na ncha yaweza kuinuka. Daktari hutia uzi wa kuzibana pande zake, lakini haahidi. Hilo sikulijua mpaka miezi 13 ya waya imepita. Pua yangu ya leo ni pana kidogo. Mamangu asema ni ya nyanya, na kwa kuwa nyanya amefariki, siwezi kuilalamikia.

Upasuaji wenyewe ulichukua saa tatu kasoro, na mimi sina kumbukumbu ila taa na nesi aliyeniambia nisome nisomayo. Niliamka nimekabwa. Sikuwa nimekabwa kweli. Pua imeziba damu, mdomo umevimba, meno yamefungwa kwa vijiraba, na akili bado imelewa. Manesi waliniinua nikae, wakarudia maneno yale yale: pumua polepole kwa mdomo, hewa inapita. Ilikuwa ikipita. Hofu ile ndiyo ngumu kuliko maumivu, na ningeambiwa mapema ningeshukuru. Zamani meno yalifungwa kwa waya wiki nyingi, mkasi wa kukatia waya ukalazwa kando ya kitanda. Siku hizi vibati hushika kazi hiyo, raba ni za kuyaelekeza meno tu, na unaonyeshwa jinsi ya kuzitoa.

Usiku ule nilitapika damu nyeusi. Mamangu alipiga ukelele wodi nzima ikaamka. Nesi akamwambia ni damu niliyoimeza wakati wa upasuaji, tumbo haliipendi, na kweli nilipoitoa nikalala. Maumivu? Kwa vile neva zimeshtuka na uso una ganzi, hayakuwa ya kukata. Koo lilikuwa likiniuma zaidi, kwa bomba.

Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili na ya tatu. Siku ya tatu nilijitazama kwenye simu. Boga. Macho mawili yamedidimia ndani ya boga, na shingo imeanza kuwa manjano na zambarau. Mtoto wa kaka yangu, ambaye tumemlea pamoja, alijificha nyuma ya mlango. Halati aliniletea mapande ya barafu kutoka kwa jirani mwenye friza, akayafunga kwenye kanga, tukawa tunayakandika mashavuni kwa zamu. Ilikuwa Kaskazi, joto la Mombasa mnalijua, stima ikipotea feni inasimama, na mimi nimeambiwa nilale nimeinua kichwa kwa mito mitatu, nisilale kifudifudi, nisipenge kamasi kwa wiki kadhaa, na chafya ikija niifungulie mdomo. Jaribuni kuipiga chafya huku mdomo umefungwa kwa raba ndipo mniambie.

Wiki mbili za kwanza uso hushuka haraka, kisha huanza kushuka kwa uvivu. Miezi sita baadaye bado kuna uvimbe ambao wewe wauona na wengine hawauoni.

Nilipanga kila kitu kwa akili nyingi, nikaingia chumba cha upasuaji wiki mbili kabla ya Ramadhani. Hesabu yangu ilikuwa kwamba, kwa kuwa sili, heri nisile wakati watu wote hawali. Daktari alipojua nia yangu alinikatalia pale pale. Nina dawa za saa, nahitaji maji lita mbili na zaidi, mwili unaunga mfupa, na chakula chenyewe ni cha majimaji kisichokaa tumboni; kama si mimi wa kuruhusiwa kufungua, nani? Nikawa mtu wa kunywa uji mchana, nyuma ya pazia, kwa aibu. Jioni ndiyo ilikuwa adhabu. Futari imetandikwa, kaimati, viazi vya nazi, mkate wa sinia, na sahani nzima ya sambusa, na mimi niko pembeni na bomba la sindano lisilo na sindano, nasukuma supu ya kuku iliyochujwa upande wa shavu. Siku nilizofungua nimezilipa zote. Ya mwisho niliilipa mwezi wa Rajabu.

Kwa wanaouliza cha kula: uji, maziwa, supu ya kuku au ya pweza iliyochujwa, juisi ya parachichi yenye maziwa, madafu, mtindi. Uji wa pilipili manga nilijaribu nikajuta. Kila baada ya saa mbili kitu kidogo, maana huwezi kushiba kwa mara moja. Baada ya kila mlo maji ya chumvi na mswaki mdogo wa mtoto. Halati, kwa mapenzi, alisaga biriani kwenye blenda. Rangi yake sitaisema. Nilionja vijiko viwili kwa heshima yake, na tangu siku hiyo nikaamini kwamba utamu wa biriani uko kwenye kutafuna. Wiki ya tatu niliruhusiwa vilaini, na mabokoboko yakaniokoa: ngano na nyama iliyopondwa mpaka haijulikani ipi ni ipi, samli juu, ulimi watosha. Nilipungua kilo sita kwa jumla.

Wiki ya pili, na hili halikuwa kwenye karatasi, nililia. Bila sababu ya kuelezeka. Uvimbe unashuka, daktari ameridhika, meno yanakutana, na mimi nalia kwa kuwa nimeona mtu kwenye kioo ambaye si mimi wa zamani wala si mimi niliyemtarajia. Njaa inachangia, dawa zinachangia, kukosa kusema kunachangia. Daktari alisema huwaona wengi hivyo na hupita. Kwangu ilichukua siku kumi. Wekeni mtu wa kukaa naye. Mamangu alikuwa akija tu kukaa, anachambua mchele wake, hasemi.

Sambusa nimeikata. Ilikuwa wiki ya nane, daktari ameshasema mfupa umeshika, sambusa yenyewe ya jana, nimesimama jikoni peke yangu. Nilisikia mlio, mahali ambapo sijapata kusikia mlio. Ladha sikuihisi sana.

Pesa nizitaje, maana nimeulizwa. Siwapi bei yangu, kwa kuwa taya lenu si langu na hospitali si moja. Ila ombeni mchanganuo ulioandikwa: daktari wa upasuaji, daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, vibati na skrubu, siku za wodi, na waya za meno ambazo mara nyingi huhesabiwa mbali na huendelea miezi kadhaa baada ya upasuaji. Na kama mna bima, shika barua ya daktari inayoeleza kuwa huwezi kuuma na kutafuna. Bima yangu ilijibu mara ya kwanza kwamba huu ni urembo. Tukawapelekea picha ya kinywa changu kilichofungwa na kalamu imepita katikati. Wakalipa sehemu.

Kazini nilirudi baada ya wiki nne. Nilikuwa nimejiandaa kusema "sita, saba, tisa" kama watu. Nikainua simu, nikasema, "Thita." Miaka 26 ulimi umejua njia moja, na kupandisha taya hakukuuambia kitu. Ilibidi niende kwa mtaalamu wa matamshi, nirudie sin kama mtoto wa chuoni, ulimi nyuma ya meno, ulimi nyuma ya meno, mbele ya kioo, na mazoezi hayo hayo ndiyo yanayozuia meno yasisukumwe tena. Mamangu husema ulimi hauna mfupa, ndiyo maana daktari hakupata cha kukata. Nikichoka au nikikasirika kithembe hurudi, na dada wa kazini wanajua kwamba nikisema "thatha" waondoke mlangoni.

Ganzi nayo ilianza kuondoka mwezi wa pili, kwa njia ya kuchekesha, kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi, kisha kama umeme mdogo kwenye meno. Mashavu yamerudi. Kaakaa limerudi nusu. Kimebaki kipande cha mdomo wa juu, upande wa kushoto, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na sasa ni mwaka wa pili, sidhani kitarudi. Chai ya moto ikipita hapo siijui. Punje ya wali ikikwama hapo naweza kukaa nayo mpaka kesho. Kwa hiyo kwenye harusi, sinia la biriani likishawekwa, Halati hukaa ng'ambo ananitazama mimi badala ya bibi harusi, na akiona kitu, hasemi neno, huugusa mdomo wake mwenyewe, upande wa kushoto, nami nafuta.